Jina Limekuja la Nani?

Jana mchana nilimnawisha baba mkwe mikono mbele ya madereva wa malori, katika mgahawa mmoja wa hapa Runzewe, naye akanipa shilingi mia tano na kuniambia, "Ubarikiwe, kijana." Alikuwa hajanitazama usoni. Mtu mzima mwenye njaa hamtazami anayemmwagia maji. Aliponitazama, mia tano ilikuwa imeshazama mfukoni mwangu, na kuitoa tena mbele ya watu ningezidi kujiaibisha.

Nilikuwa nimevaa shati la kuchomekea. Nalitaja shati kwa sababu ndilo lililonitia uchungu zaidi. Mtu hachomekei shati aende kunawisha watu. Nilikuja kula kwa hela yangu: sato mzima wa kukaanga, ugali, kachumbari na soda, jumla elfu kumi na mbili. Noti sikuwa nazo. Runzewe ukitoa noti ya elfu kumi kununua kitu cha elfu tisa na mia sita, chenji utarudishiwa pipi na kiberiti, na mimi sivuti sigara wala sili pipi. Kwa hiyo nimekuwa mtu wa simu. Na pale mezani kwa mama mwenye mgahawa, ambaye sisi wateja wote tunamwita Mayu, palikuwa na stika ya lipa namba yenye mraba wa vidoadoa vyeusi, ule msimbo wa QR ambao unauelekezea kamera na pesa inajua njia.

Nikaskani. Likaja jina la mwanaume nisiyemfahamu.

Nikauliza, kwa adabu zote: "Mayu, limekuja jina la mwanaume. Ndiye?"

Mayu hakuinua macho kwenye karai. "Huyo ni shemeji. Lipa tu, baba."

Nikaweka namba ya siri. Simu yangu ikatetemeka: muamala umekamilika. Simu ya Mayu, iliyolala juu ya ndoo ya unga, ikabaki kimya. Tukaitazama wote wawili. Pembeni lori la kwenda Kigali lilikuwa linapiga resi, nikadhani labda mlio umemezwa na injini. Mayu akafuta mikono kwenye kanga, akaishika simu, akaibonyeza, akairudisha. "Meseji haijaingia."

Basi nikamwonyesha yangu, na hapo nikazidi kujichimbia kaburi. Miezi ya nyuma mtu mwenye miwani ya jua alilisha kundi zima la utingo pale, akamwonyesha Mayu meseji ya malipo ya elfu arobaini, nzuri, yenye salio, tarehe na shukrani kwa kutumia huduma. Alikuwa ameiandika mwenyewe. Toka siku hiyo Mayu haamini meseji iliyo kwenye simu ya mtu mwingine, hata awe padri. Anaamini mlio wa simu yake tu. Mwalimu yeyote wa usalama wa fedha angempa alama zote kwa msimamo huo, na ndio huo ulionikalisha kando ya pipa la maji.

Utingo mmoja akaweka kijiko chini. "Hawa ndio wale wa Rukwa." Watu wakageuka. Rukwa yenyewe sijawahi kukanyaga, lakini kila robo mwaka taarifa za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, za majaribio ya utapeli wa simu zikitoka, Rukwa na Morogoro zimekuwa zikitajwa mwanzoni mwa orodha, na hapa kwetu mtu akishakupa mkoa huo umekwisha. Mzee aliyekuwa anakunywa uji akaanza kusimulia, kwa sauti ya kunisaidia nisikie, jinsi sungusungu walivyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huku Kahama na Tabora, wezi wa ng'ombe walipozidi: mama anapiga mwano, kijiji kizima kinatoka na pinde, mwizi anapatikana kabla ya usiku kucha. Alisimulia vizuri. Sikuufurahia uzuri wake.

Mayu akatoa hukumu: nisubiri shemeji atoke Masumbwe, yeye ndiye mwenye laini. Kiti kilichokuwa wazi ni cha plastiki kando ya pipa lenye koki mbovu na jagi. Nikakaa. Akaingia dereva, akanyoosha mikono. Nifanye nini? Nikammwagia. Akaja wa pili na wa tatu. Nilianza kuona kwamba wengine wanapenda maji kidogo kidogo na wengine wanataka jagi lote, na kwamba sabuni ya unga ikimwagwa kwanza povu linachelewa kuisha. Nilikuwa nimeanza kuizoea kazi pale mikono fulani yenye pete ya shaba na kovu la jembe iliponijia chini ya macho. Mikono hiyo ilipokea ng'ombe wangu wa mahari.

"Ubarikiwe, kijana."

Kisha akanitazama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akaikung'uta mikono polepole. "Umeanza kazi hapa lini?"

Nikamweleza yote: sato, stika, jina, shemeji, mlio ambao haukulia. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hajawahi kunifanyia hata siku ya posa. Kisha akauliza swali moja: "Binti yangu anajua?" Akatoa noti ya elfu kumi na ya elfu mbili, Mayu akainyooshea jua ile ya elfu kumi, akaikubali, na baba mkwe akaenda kukaa meza ya mbali kabisa, akanipa mgongo, akaagiza sato.

Shemeji alipofika ilidhihirika kwamba jina lake na jina lililokuja hayahusiani hata kwa herufi ya kwanza. Mayu, akiwa kwenye karai, alijibu nilivyomuuliza: mwanaume, ndiyo, shemeji ni mwanaume. Kijana wa bodaboda ndiye aliyepeleka ukucha kwenye kona ya stika. Kona ikanyanyuka. Chini yake palikuwa na stika nyingine, chafu zaidi, yenye namba ya shemeji wa kweli. Mtu alikuja, akala pengine, akashukuru, akabandika yake juu ya ile, akaondoka na basi. Mayu akahesabu siku ambazo wateja walilalamika kwamba "mtandao unasumbua", akaketi chini. Hakuna aliyeniomba radhi. Utingo yule alisema tu, "Basi kumbe siyo yeye," kwa masikitiko.

Usiku sikulala, nikasoma. Nakiri nilianza kwa hasira, lakini kufika saa nane nilikuwa nimesahau hasira na nimeshika rula.

Msimbo wa QR ulizaliwa Japani mwaka 1994, kwenye kampuni ya Denso inayotengeneza vipuri vya magari, mikononi mwa mhandisi Masahiro Hara. Shida yake ilikuwa ya kiwandani tu. Ile mistari ya bakodi tunayoiona kwenye sabuni hubeba herufi chache, kwa hiyo boksi moja la vipuri lilihitaji bakodi kadhaa na mfanyakazi alishinda akiskani. Hara alikuwa mpenzi wa Go, mchezo wa ubao wenye vijiwe vyeusi na vyeupe, na ubao ule ulimfanya aone kwamba habari inaweza kupangwa kwa mlalo na kwa wima pia. Hadi hapo mtu yeyote mwenye akili angefika. Kilichoniweka macho ni kinachofuata: kamera itajuaje, katikati ya maandishi mengine yote duniani, kwamba hiki ndicho? Hara na mwenzake wakachukua magazeti, vipeperushi, maboksi na kila kilichochapishwa walichoweza kukipata, wakapima upana wa weusi na weupe, wakitafuta mpangilio ambao binadamu karibu hatumii kabisa tunapochapa vitu. Wakaupata: moja, moja, tatu, moja, moja. Weusi kipimo kimoja, weupe kimoja, weusi vitatu, weupe kimoja, weusi kimoja.

Chukua rula uweke katikati ya mmojawapo wa ile miraba mitatu mikubwa ya pembeni. Upite kwa mlalo, kwa wima, kwa mshazari: hesabu haibadiliki. Ndiyo maana unaweza kuskani ukiwa umeshika simu kichwa chini miguu juu. Na kwa kuwa pembe tatu zina mraba na ya nne haina, simu inajua juu ni wapi. Mke wangu aliamka akanikuta naipima stika ya boksi la dawa ya mbu. Alikuwa ameshaongea na baba yake. Hakusema kitu, akarudi kulala, na ukimya ule nimeuhesabu kwenye hasara.

Msimbo mdogo kabisa una vyumba 21 kwa 21. Mkubwa kabisa ni 177 kwa 177 na unabeba tarakimu 7,089. Lakini hilo silo la ajabu. La ajabu ni kwamba stika ya Mayu ina mafuta ya sato, majivu, tone la pilipili na alama ya kikombe, na bado inasomeka. Mwaka 1960 Wamarekani wawili, Irving Reed na Gustave Solomon, walichapisha hesabu ya kuongeza tarakimu za akiba ndani ya ujumbe ili sehemu ikiharibika, iliyobaki iweze kuijenga upya. Hesabu hiyo ilisaidia chombo cha Voyager kutuma picha kutoka kwenye sayari za mbali, na ndiyo iliyofanya santuri za CD zicheze hata zikikwaruzwa. Katika msimbo wa QR wenye kinga ya juu, karibu asilimia 30 inaweza kuharibika na ukasomeka. Kwa hiyo hesabu iliyotuletea picha za anga za mbali ndiyo iliyohakikisha kwamba mchuzi wa Mayu hauzuii pesa yangu kumfikia mwizi.

Denso walikuwa na hataza ya uvumbuzi huu wakaamua kutowadai watu, dunia itumie bure. Ukarimu mkubwa. Tapeli wa Runzewe naye ni mkazi wa dunia.

Na ndani mna nini? Nilidhani mna siri. Hamna. Mna maandishi ya kawaida ambayo mtu akiyafungua anayasoma. Misimbo ya malipo inayofuata utaratibu wa EMVCo, chombo cha kampuni za kadi za malipo, huanza na 000201. Kisha huja alama inayosema kama msimbo ni wa kudumu, yaani ule wa kuchapwa kwenye karatasi usiokuwa na kiasi cha pesa, au ni wa mara moja, unaozalishwa na mashine kwa ajili ya muamala wako tu na kiasi chake ndani. Wa kudumu ni 11, wa mara moja ni 12. Baadaye 834, namba ya shilingi ya Tanzania, herufi TZ, jina la biashara, mji, na mwishoni kabisa herufi nne za uhakiki. Nilipofika kwenye neno uhakiki nilikaa wima kitandani. Zinahakiki nini? Zinahakiki kwamba maandishi yamenakiliwa bila kukosewa hata herufi moja. Yaani stika ya mwizi, mradi imechapwa vizuri, inafaulu uhakiki kwa asilimia mia. Mwizi alichapa vizuri. Ubora wa karatasi yake ulizidi ule wa stika halali.

Benki Kuu yetu nayo imeweka kiwango cha taifa, TANQR, ili mfanyabiashara awe na msimbo mmoja unaosomwa na mitandao na benki zote, badala ya ukuta mzima wa stika za rangi rangi. Ni jambo jema na nalitetea. Ila msimbo ukiwa mmoja kwa wote, anayeufunika amewafunika wote kwa gundi moja.

Wala tusidhani ni ushamba wa huku. Januari 2022 polisi wa mji wa Austin, Texas, walitangaza kukuta stika za QR za uongo kwenye mashine za kulipia maegesho ya magari mjini mwao. Mwaka uliofuata, mama mmoja wa Uingereza aliskani msimbo kwenye maegesho ya kituo cha treni cha Thornaby, matapeli wakajifanya benki yake, wakamkamua paundi 13,000. Namwonea huruma. Lakini hakuna popote palipoandikwa kwamba alinawisha mtu.

Kinachonishangaza ni kwamba haya yanatokea hapa, ukanda wa dhahabu, kwa watu ambao hawaamini chochote. Mchimbaji akikuletea punje, unaipima mkononi, unaitia moto, unaidondoshea tindikali ya naitriki uone kama itatoa povu la kijani la shaba. Kabla ya soko la madini la Geita kufunguliwa Machi 2019 na mashine zake za kupima, kila mnunuzi wa huku alikuwa maabara inayotembea, na bado wapo waliouziwa vumbi la shaba kwenye kibomba cha dawa. Mnadani ng'ombe anafunuliwa mdomo ahesabiwe meno. Noti inanyooshewa jua. Gunia la mahindi linachomwa kwa chuma katikati ili uone kama chini wameweka makapi. Halafu linakuja karatasi lenye vidoadoa ambalo muuzaji hawezi kulisoma, mnunuzi hawezi kulisoma, aliyelileta hawezi kulisoma, na wote tunaliinamia na simu zetu kwa heshima. Ni andiko pekee katika mgahawa ambalo Mayu hawezi kulihakiki kwa jicho, pua wala jino. Ubao wa "Leo hakuna mkopo" angalau anajua umeandikwa nini.

Ushauri wa kitaalamu ninao, nimeusoma wote. Soma jina kabla ya kuweka namba ya siri. Papasa stika uone kama iko juu ya nyingine. Ukiwa na shaka, acha kuskani, uliza lipa namba kwa mdomo, uandike mwenyewe. Usiweke namba ya siri kwenye ukurasa wowote uliofunguliwa na msimbo. Na mtu akikwambia uskani ili upokee pesa, kimbia, kwa sababu pesa ikija kwako haihitaji kamera yako wala namba yako ya siri. Yote sawa. Lakini hilo la kwanza, la jina, nina neno nalo, na hapa naomba nisicheke kidogo.

Jina la nani? Mgahawa una jina lake ukutani, kwa rangi ya bluu. Laini ni ya shemeji. Kwa nini ni ya shemeji? Kwa sababu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofika mwisho wake Januari 2020, Mayu alipanga foleni na mashine ikavikataa vidole vyake. Miaka ya karai, mkaa na majani ya kuoshea masufuria imemfuta alama. Akabonyeza, akafuta, akabonyeza, yule kijana wa usajili akamwambia aende akapake mafuta arudi. Hakurudi, alikuwa na wateja. Shemeji akatoa kidole. Wachimbaji wa maduarani ninaowafahamu hadithi yao ni hiyo hiyo: mawe yamewala vidole, laini ni ya mdogo mtu, au ya mke, au ya mwenye duka. Kwa hiyo katika mji huu jina geni kwenye skrini ndiyo hali ya kawaida ya malipo halali. Duka la dawa linakuja na jina la kijana aliyeko Mwanza. Fundi cherehani anakuja na jina la marehemu. Ukimwambia mteja wa Runzewe asiendelee akiona jina asilolijua, umemwambia afe njaa.

Nilipiga simu huduma kwa wateja. Nilisikiliza muziki kwa muda ambao sato angeweza kuvuliwa, kukaangwa na kuliwa. Dada mwenye sauti ya upole akanipa pole, akaangalia, akasema muamala ulifanikiwa. Nikamwambia najua ulifanikiwa, ndiyo malalamiko yangu. Akasema mpokeaji ameshatoa fedha. Nikauliza mpokeaji ni nani. Hawezi kutaja taarifa za mteja. Akanikumbusha, kwa upole ule ule, kwamba jina lilitokea na mimi ndiye niliyethibitisha. Niende polisi nikachukue taarifa ya maandishi, kisha niilete kwenye duka lao. Nauli ya kwenda Ushirombo kufuata hiyo taarifa, na kurudi, na kula huko, ingekuwa imeshaimeza nusu ya hasara. Na nani anajua huko chakula ningelipaje.

Tafadhali tazama hesabu yenyewe. Namba iliyopokea pesa yangu ilisajiliwa. Kuna kidole kilibonyezwa. Kuna namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, kuna picha ya uso wa mtu, kuna tarehe na saa alipotoa fedha, na kuna wakala aliyempa, anayejulikana kwa namba yake. Mfumo uliovikataa vidole vya mama anayekaanga samaki kutwa ulivipokea vya mwizi bila swali. Kila mtu kwenye mnyororo huu anamjua au anaweza kumjua, isipokuwa mimi na Mayu, na ni sisi wawili tu tunaoambiwa tuwe makini. Makato ya muamala yalikatwa vizuri. Hayo hayakurudi na wala sikuahidiwa kwamba yatarudi. Ng'ombe wakiibwa zamani, mzee yule wa uji alisema, ufuatiliaji ulianza kwa nyayo. Zangu mimi zipo, zimeandikwa kwa sekunde, ziko kwenye kompyuta ya mtu, na hakuna anayezifuata kwa sababu elfu kumi na mbili si ng'ombe. Lakini za wateja wote wa Mayu waliopita pale zikijumlishwa, ni ng'ombe. Ni ng'ombe na ndama wake.

Namba 15040 nimeitumia, ile ya kuripoti matapeli. Imenijibu asante.

Kwa sasa pale mgahawani stika imeng'olewa na kuna utaratibu mpya. Mteja akimaliza, Mayu anatamka lipa namba kwa sauti, mteja anaandika, kisha Mayu anauliza kutoka kwenye karai, "Jina limekuja la nani?" Mteja anasoma jina. Mgahawa mzima unaitikia, "Ndiyee!" au unanyamaza. Ni kinga imara kuliko herufi nne za mwisho za Wajapani na Wamarekani wote, ingawa sasa madereva wote wanajua nani amekula ubwabwa mtupu.

Mengine yaliyonipata mwaka huu ni madogo. Niliskani tangazo la bando la bure lililobandikwa stendi, likaniomba namba ya siri, nikalifunga, na hadi leo simu yangu inaletewa matangazo ya kamari kwa lugha nisiyoijua. Niliskani stempu ya kodi kwenye chupa ya mvinyo wa harusi kuthibitisha kama ni halali, mwenye harusi akaniona, sikualikwa kwenye ubatizo. Nilijaribu kuskani msimbo nyuma ya lori linalotembea. Tusiongee kuhusu hilo.

Na kuna lile la stationari. Nilikwenda kuchapa barua, kijana akaniambia niunganishe WhatsApp yangu na kompyuta yake kwa kuskani, tuipate faili haraka. Nikaskani, barua ikatoka, nikalipa, nikaondoka. WhatsApp yangu ikabaki pale mezani, imefunguka, inamsubiri yeyote anayekaa. Sasa najua kwamba kwenye simu kuna sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na kwamba unapaswa kukitoa kifaa kabla hujavuka mlango. Sikujua siku ile. Usiku huo mtu akawaandikia ndugu zangu wote kwa picha yangu na kwa jina langu: nina dharura, naomba elfu hamsini kwa namba hii. Shangazi alinipigia kwanza, Mungu ambariki. Kaka alijibu kwa matusi, kama ambavyo angenijibu mimi. Ni mjomba wa Kakola peke yake aliyetuma.

Mjomba huyu nilimkopesha elfu hamsini kabla ya msimu wa pamba, sikumbuki pamba ya mwaka gani. Nimemwomba kwa meseji, kwa simu, kwa kumtuma mtoto, kwa kumtembelea saa ya chakula. Hunijibu kwa mistari ya Biblia kuhusu subira. Tapeli alimwandikia sentensi moja, yenye makosa ya tahajia, akalipwa kabla ya saa mbili usiku. Nilipompigia kumweleza kwamba hakuwa mimi, mjomba alisikiliza, akafikiri, akasema hayo ni mambo yangu na huyo mtu wangu, yeye deni lake amelipa, na meseji anayo.